Kimya Si Jibu

Nyumbani kwetu, katika kijiji cha wavuvi kusini mwa Kilwa, mtoto hujifunza kusafisha ngisi kabla hajajua kuandika jina lake. Unashika kichwa na kukivuta taratibu ili kitoke pamoja na matumbo. Unaangalia usipasue kifuko cha wino. Unachomoa ule mfupa laini unaofanana na kipande cha plastiki, unamenya ngozi yenye madoa ya zambarau, unasuuza kwa maji ya bahari, unatupa kwenye beseni, unamshika mwingine. Katika utoto wangu nilisafisha maelfu yao, na kila mara kidole gumba changu kilipita juu ya nyuzi nyeupe zilizotanda upande wa ndani wa mwili wa ngisi. Nilizifuta pamoja na utelezi.

Nyuzi zile ni neva. Nimekuja kuzisoma Dar es Salaam, nikiwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika hisabati, kwenye kompyuta mpakato ambayo feni yake hulia kama cherehani. Tasnifu yangu inahusu modeli ya kompyuta inayoeleza jinsi seli ya neva inavyofyatua umeme. Ndugu wakiniuliza ninasomea nini huwa nasema "kompyuta," nao huniletea simu zao nizitengeneze. Lakini yupo mtu mmoja katika ukoo wetu aliyestahili kuelezwa vizuri zaidi ya hapo.

*

Nyuzi za neva katika mwili wa binadamu ni nyembamba mno. Unene wake hupimwa kwa sehemu za elfu za milimita. Ngisi amejaliwa chache zilizo nene ajabu. Ulio mnene kuliko zote unaweza kufika nusu milimita, na kwa ngisi wengine hata milimita nzima. Anauhitaji ili aponee. Akishtuka, amri hupita humo upesi, mwili wote hujikamua kwa mpigo mmoja, maji yanaruka upande mmoja naye anachomoka kinyumenyume. Yeyote aliyewahi kukesha baharini na karabai ameuona mruko huo.

Mwaka 1936 mwanazuolojia Mwingereza, John Zachary Young, aliwaeleza wenzake kwamba uzi huo mnene ni neva. Kwa watafiti hiyo ilikuwa riziki ya kuokota: neva unayoweza kuiona kwa macho na kuiingiza waya ndani. Kiangazi cha 1939, katika maabara ya viumbe vya bahari mjini Plymouth, Alan Hodgkin na Andrew Huxley wakafanya hivyo. Hodgkin alikuwa na miaka 25, Huxley 21. Walipima umeme ndani ya neva wakati inapofyatua, wakatuma taarifa fupi, na muda mfupi baadaye vita ikaanza. Kila mmoja akapelekwa kwenye kazi za kijeshi. Ilibidi ngisi wasubiri.

Walipomaliza, ilikuwa 1952. Makala yao ya mwisho katika mfululizo wa mwaka huo ndiyo ninayoishi nayo sasa. Nimeichapisha, nimeitoboa, nimeitia uzi, na imeshamwagikiwa chai mara mbili.

Wanachosema ni hiki. Seli ya neva imezungukwa na utando. Nje kuna maji ya chumvi yenye sodiamu nyingi. Ndani kuna potasiamu nyingi. Seli ikiwa imetulia, ndani kuna upungufu wa umeme ukilinganisha na nje, kama milivolti −65. Katika utando kuna milango. Mlango wa sodiamu una makomeo manne: matatu hufunguka upesi umeme unapopanda, na la nne hujifunga taratibu baada ya hapo. Mlango wa potasiamu nao una manne, yote ya polepole.

Sasa mtu akiigusa seli kidogo, milango michache ya sodiamu inafunguka. Sodiamu inaingia, umeme wa ndani unapanda, na kwa kuwa umepanda, milango mingine inafunguka, sodiamu zaidi inaingia. Ni moto kwenye paa la makuti. Kufumba na kufumbua umeme umetoka −65 hadi karibu +40. Hapo lile komeo la nne la sodiamu linajifunga, milango ya potasiamu iliyochelewa inafunguka, potasiamu inatoka nje, na umeme unaanguka, unapita hata chini ya pale ulipoanzia, kisha unarudi. Yote hayo ndani ya milisekunde chache. Kisha sehemu ya jirani ya neva inashika moto huohuo, na ya jirani yake, hadi mwisho wa uzi.

Na hakuna nusu. Ukiigusa seli kidogo mno, umeme unapanda kidogo na kushuka, basi. Ukivuka kiwango fulani, inafyatuka yote. Mtego wa panya haufyatuki nusu.

Hodgkin na Huxley hawakuwahi kuiona hiyo milango. Waliikisia kutokana na mikondo ya umeme waliyoipima, wakaandika milinganyo minne, kisha wakajiuliza kama milinganyo hiyo peke yake, bila ngisi yeyote, ingeweza kuzaa mfyatuko unaofanana na ule wa kweli. Kompyuta ya Cambridge wakati huo ilikuwa inafanyiwa marekebisho. Huxley akakaa na mashine ya kukokotoa ya kuzungusha kwa mkono, aina ya Brunsviga, akazungusha mpini hatua kwa hatua. Kukokotoa mfyatuko mmoja unaosafiri kwenye neva kulimchukua kama wiki tatu. Jibu lilipotoka, milinganyo ilisema umeme husafiri mita 18.8 kwa sekunde. Katika neva halisi walikuwa wamepima 21.2. Kwa watu waliokuwa wanakisia makomeo ambayo hakuna aliyeyaona, huko ni kulenga shabaha gizani. Mwaka 1963 walipewa Tuzo ya Nobel, pamoja na John Eccles. Ilipofika 1976 ndipo Erwin Neher na Bert Sakmann walipoonyesha namna ya kupima mkondo unaopita kwenye mlango mmoja mmoja wa utando wa seli.

Kompyuta yangu, pamoja na cherehani lake, hufyatua seli moja ya modeli chini ya sekunde. Nikiipa mkondo wa kutosha kwa milisekunde 100, inafyatua mara saba, vilele saba vimesimama kwenye kioo kama minazi iliyopandwa kwa kamba.

*

Mwezi wa kwanza nilimpelekea msimamizi wangu minazi hiyo saba, nikitaraji pongezi. Aliitazama, akavua miwani. "Hii kila mtu anayo," akasema. "Nenda kaiharibu. Zima mlango mmoja mmoja, uone seli inavyokuwa. Ukishajua kila kitu kinavyoharibika ndiyo utajua kinafanya kazi gani."

Nikarudi bwenini. Nilianza na potasiamu: umeme ukapanda na kukawia kushuka, kama mtu aliyevuta pumzi akasahau kuitoa. Kisha nikaenda kwenye mstari wa programu unaoweka nguvu ya milango ya sodiamu. Umeandikwa 120. Nikafuta, nikaandika 0.

Minazi ikatoweka. Mkondo ulipoingia, mstari ulipanda kidogo, kama mtu anayetaka kuinuka kitini akaghairi, ukatulia hapohapo. Mkondo ulipokatika, ukarudi chini. Nikaongeza mkondo, mstari ukapanda zaidi na kutulia tena. Hakuna mfyatuko.

Kilichonishangaza kilikuwa sehemu ya mwanzo kabisa, kabla mkondo haujaingia. Seli isiyo na sodiamu, ikiwa imetulia, ilisimama karibu na −66. Tofauti ya milivolti moja tu na seli nzima. Yaani ukiitazama ikiwa imepumzika ungesema haina ugonjwa wowote. Utando upo, potasiamu ipo, umeme umehifadhiwa, kila kitu kiko tayari. Imenyimwa mlango tu.

Katika kutafuta maelezo ya kuandika chini ya mchoro huo nikakutana na makala ya 1964. Toshio Narahashi, John Moore na William Scott, wakiwa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichukua neva nene ya kambakoche na kuitia sumu. Sumu iliziba njia ya sodiamu na kuiacha ya potasiamu inafanya kazi. Walichofanya kwa sumu ndicho nilichofanya kwa kuandika sifuri. Sumu hiyo inaitwa tetrodotoksini. Jina hilo ililipata mwaka 1909 kutoka kwa mtafiti Mjapani, Yoshizumi Tahara, kwa kufuata jina la kisayansi la samaki wenye meno manne ambao hujijaza maji wakavimba kama mpira.

Sikuhitaji kutafuta picha. Samaki huyo kwetu anaitwa bunju.

*

Mwaka 2010 nilikuwa na miaka 11. Ilikuwa Julai, kusi imekaza, mashua zimepandishwa mchangani, na samaki waliopatikana walikuwa wachache. Mjomba wangu, kaka yake mama anayemfuata mkubwa wao, alikuwa ameshinda dago kwa wenzake. Mchana walikula mchuzi. Samaki alikuwa ameshachunwa na kukatwakatwa kabla Mjomba hajafika, na hakuuliza. Wawili waliokula kidogo walipatwa na ganzi ya midomo hadi usiku, wakapona. Mjomba alikuwa na njaa.

Alirudi nyumbani kwa miguu yake. Namkumbuka akicheka mlangoni kwamba midomo imekufa ganzi kama aliyelamba betri. Kisha vidole. Kisha akatapika. Akaanza kuongea kama mtu mwenye pamba mdomoni, na alasiri miguu ikakataa. Tabibu wa zahanati alikuja, akamtazama, akasema kinachotakiwa ni mashine ya kumsaidia kupumua hadi sumu itoke yenyewe. Sumu ya bunju haina dawa ya kuipinga, na kupikwa hakuiui. Gari lilitafutwa. Mashine ilikuwa mbali kuliko saa alizobakiwa nazo.

Mimi nilipewa kipepeo cha ukili nimpepee. Kazi hiyo ilinifanya nibaki chumbani muda wote, na kwa kuwa nilikuwa mtoto mwenye kazi, hakuna aliyeniona.

Bibi, mama yake Mjomba, alikaa kichwani. Mzee mmoja alisoma Yasini. Wajomba zangu wawili walisimama karibu na dirisha. Mjomba alilala chali, macho nusu wazi, hapepesi. Kifua kilikuwa kinapanda kwa shida, mara kikawa hakionekani kupanda. Mjomba mkubwa akasema, "Huyu hayupo tena." Kisha, kwa sauti ambayo si ya chini sana, yeye na mwenzake wakazungumza juu ya mashua na mashine yake: nani ataichukua, deni la mashine limebaki kiasi gani, na kwamba haifai iende upande wa mwanamke.

Mwanamke alikuwa nje. Walimtoa kwa sababu alikuwa analia kwa sauti. Ni mke wa Mjomba. Kwetu mtu huyo ana jina lake, mkaza mjomba, na tangu niko mdogo ndivyo ninavyomwita. Asubuhi ya siku ile walikuwa wamegombana juu ya pesa zake za mchezo alizokuwa akiweka na wanawake wenzake. Mtaa mzima ulisikia. Mjomba aliondoka kwenda dago bila kuaga.

Alipata upenyo akaingia. Alipiga magoti upande wangu, akaushika mkono wa Mjomba kwa mikono yake miwili. "Baba watoto," akasema, "nipe radhi. Nimekukosea, nipe radhi. Kama umenisamehe nibane mkono. Kidogo tu, nitajua."

Niliacha kupepea. Chumba kizima kilikuwa kinautazama mkono ule.

Akarudia. Mkono ulikaa vilevile. Akarudia mara ya tatu, ameinamisha sikio karibu na mdomo wake. Bibi akanyoosha mkono akamgusa begani. "Mwache mwanangu aende," akasema. "Hajakujibu."

Kabla ya adhana ya isha Mjomba alikuwa ameondoka.

Katika maneno yote yaliyosemwa siku ile, hilo la Bibi ndilo lililobaki, nalo lilikua. Kwenye matanga lilikuwa "hajakujibu." Ilipokwisha eda, ile miezi minne na siku kumi, lilikuwa "hakumpa radhi." Miaka mitatu baadaye nililisikia arusini kwa watu tusiowajua: "Yule pale, mumewe alikufa amemkatalia." Kwetu radhi ya mume si jambo la mchezo. Mkaza mjomba alirudi kwao na watoto wawili, ng'ambo ya mto. Mashua haikwenda upande wake. Neno lile lilimganda kama shombo. Aliuza maandazi, akasomesha, akaozesha, nalo likawa bado linanuka.

*

Nilikaa na ule mchoro wa sifuri siku kadhaa. Kisha nikafanya ninachofundishwa kufanya: nikatenganisha ninachoweza kukisema na nisichoweza.

Modeli yangu ni ya ngisi, kwenye ubaridi wa nyuzi 6.3, na Mjomba hakuwa ngisi. Neva ndefu za binadamu zimevikwa mafuta yanayozifanya ziwe na kasi kuliko unene wake. Lakini mlango wa sodiamu ni wa ukoo mmoja, kuanzia kambakoche hadi mtu, na sumu inaujua. Bunju mwenyewe hafi kwa sababu milango yake imebadilika kidogo pale ambapo sumu hushika.

Ili mkono ubane, amri lazima itoke kwenye ubongo, ishuke uti wa mgongo, ipite kwenye neva za mkono, ifike kwenye misuli, na misuli nayo ifyatue. Kila hatua kuanzia bega hadi vidole inahitaji sodiamu iingie. Kwenye mkono wa Mjomba, saa ile, milango ilikuwa imezibwa. Amri ingeweza kutolewa mara mia. Ingefika mahali mstari unapopanda kidogo kama mtu anayetaka kuinuka kitini, ingeishia hapo.

Moyo wake uliendelea kupiga, kwa sababu milango ya sodiamu ya moyo wa binadamu ni ya aina nyingine, inayoistahimili sumu hii zaidi. Alichokosa ni pumzi: misuli ya kupumua ni kama ya mkono. Na ubongo una kizuizi kati yake na damu ambacho sumu hii hukipita kwa shida. Ndiyo maana madaktari wameandika juu ya wagonjwa wa bunju wasioweza kuinua hata kope, ambao walikuwa wanajua kila kinachoendelea. Wapo waliosaidiwa kupumua, sumu ikatoka, wakaamka na kueleza yaliyosemwa juu ya vichwa vyao.

Hicho ndicho ninachoweza kukisema. Nisichoweza ni kikubwa. Pumzi ilipungua lini kiasi cha kumfifisha akili, sijui. Ganzi huziba neva zinazopeleka habari pia, si zinazoleta amri tu. Huenda hata mikono miwili iliyomshika hakuihisi. Na juu ya yote, kama Mjomba alimsamehe mkewe au la, hakuna mlinganyo wa hilo. Modeli haijui radhi.

Lakini jambo moja inalijua vizuri. Watu wale wote waliutazama mkono wakasoma jibu. Mkono haukuwa na uwezo wa kujibu. Mtu aliyekubali na mtu aliyekataa, wakiwa na sumu ileile, wana mkono mmoja. Kimya kile hakikuwa "hapana." Hakikuwa neno kabisa.

*

Likizo ya Idi nilivuka mto kwenda kwa mkaza mjomba. Nilimkuta ukumbini anakanda unga.

"Shikamoo, mkaza mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huko Dar hawali?"

Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, nikaona hayafai. Nikamuuliza kama anakumbuka mtego wa panya wa nyumbani kwao Mjomba, ule wa waya. Anaukumbuka. Nikamwambia mkono wa mtu hufanya kazi kama ule mtego: amri ni panya anayegusa chambo, na mkono kubana ni mtego kufyatuka. Nikamwambia sumu ya bunju haimuui panya, wala haili chambo. Inafunga waya. Panya anaweza kugusa chambo usiku kucha.

Aliacha kukanda. Alikuwa ameshanielewa kabla sijamtaja Mjomba.

"Kwa hiyo mkono haukukataa," akasema.

"Haukukataa."

"Wala haukukubali."

"Wala haukukubali, mkaza mjomba. Haukuweza chochote."

Alifikiri kwa muda, unga umemkauka vidoleni. Nilitegemea machozi. Badala yake alinitazama kwa jicho la mtu anayekagua mzigo uliochelewa kufika.

"Mwanangu, mimi nimemwomba Mungu radhi ya mume wangu kila alfajiri tangu siku ile. Mimi na yeye tulishamaliza. Umefanya vizuri kuja, lakini umevuka mto bure. Wanaotakiwa kuyasikia haya wako ng'ambo uliyotoka. Wewe ulikuwemo chumbani. Nenda kawaambie waliokuwemo."

Kisha akarudi kwenye unga, akaniambia niwashe jiko.

*

Kila mwaka, mwezi ule wa kusi, wajomba humsomea marehemu hitima. Mwaka huu nilisafiri. Baada ya dua, sahani za pilau zilipokwisha kuondolewa na watu wa mbali kuaga, tulibaki wa nyumbani barazani: Bibi kwenye mkeka wake, mama, wajomba wawili, watoto wao. Nikaomba ruhusa ya kusema.

Nilieleza kama nilivyoeleza ng'ambo, kwa mtego. Halafu, kwa kuwa binamu zangu wadogo walitaka kuona, nilifungua kompyuta nikawaonyesha minazi saba, kisha nikaandika sifuri mbele yao. Feni ikalia. Watoto wakauliza minazi imeenda wapi. Nikasema haikwenda mahali. Seli ni ileile, imenyimwa mlango. Nikasema mkaza mjomba aliuliza swali mtu asiyeweza kutikisa kidole, na kwamba sisi ndio tuliomwandikia marehemu jibu.

Mjomba mdogo alisema sumu ni sumu na ajali ni kudra. Nikamwambia ni kweli. Mama alikuwa anaangalia chini. Mjomba mkubwa alisema mambo ya zamani yaachwe kama yalivyo, na kwamba hakuna aliyemfukuza yule mwanamke, aliondoka mwenyewe.

Bibi sasa haoni vizuri. Alikuwa amegeuza uso upande wa sauti yangu muda wote, bila kusema. Niliposhaifunga kompyuta akaniita kwa jina, akaniambia nisogee.

"Unasema mkono ndio uliokufa."

"Ndiyo, Bibi. Mkono, na miguu, na ulimi."

"Masikio?"

"Inawezekana sana alikuwa anasikia, Bibi. Kwa muda."

Alinyamaza. Watoto walikuwa wameshakimbilia uani, na upepo wa kusi ulikuwa unapiga makuti juu yetu. Alihesabu shanga kadhaa za tasbihi, akasimama katikati.

"Basi na sisi alitusikia," akasema.

Hakuna aliyemjibu. Mjomba mkubwa, ambaye mashua iko kwake, aliinama akaanza kukusanya vikombe.